Asakusa kwa miguu: anzia mtoni, si kwenye taa kubwa

Swali la msomaji: Mimi ni mama wa miaka 54, napika chakula cha shughuli hapa Tanga. Naenda Japani kwa mafunzo ya wiki tatu na tutakuwa na Jumamosi moja huru Tokyo. Wenzangu waliotangulia wanasema nisirudi bila kufika Asakusa, kwenye hekalu la taa kubwa nyekundu, na ule mtaa wa vyombo vya jikoni ulio jirani. Magoti yangu si ya kuaminika. Nianzie wapi na nimalizie wapi? Mimi Mwislamu naruhusiwa kuingia? Na nataka kisu kimoja kizuri, nisije nikaibiwa.

Jibu:

Dada yangu, tuanze na magoti. Njia yote nitakayokupa haifiki kilomita 4, na eneo lote ni tambarare. Kitakachokuchosha ni msongamano, yaani kusimama, kusukumwa, kusogea hatua mbili na kusimama tena. Kwa hiyo dawa yake ni saa ya kufika. Fika saa 1 asubuhi, ambayo kwenye saa zao imeandikwa 7:00. Ukifika saa 5 utaona migongo ya watu.

Karibu kila mgeni huanzia Kaminarimon, lango la mbele lenye hiyo taa, anapanda na mtaa wa maduka hadi hekaluni, anageuka, anarudi alikotoka. Nimetembeza wageni Asakusa miaka mingi na njia hiyo nimeiacha. Inakupa picha mwanzoni kabisa, halafu yote yanayofuata unayaona kama nyongeza. Mimi huanzia mtoni, kwa sababu Asakusa yenyewe ilianzia mtoni, na mtu akitembea kwa mpangilio huo hahitaji maelezo mengi.

Shuka Asakusa kwa treni ya chini ya ardhi ya Ginza. Hiyo njia ni ya kwanza ya aina yake barani Asia: ilifunguliwa Desemba 1927, kutoka hapa hadi Ueno, kilomita 2.2 tu. Tokea mlango namba 4, ule wenye kipaa cha mtindo wa hekalu, na utakuwa karibu na daraja la Azuma. Simama hapo uuangalie mto Sumida. Ng'ambo kuna mnara wa Skytree, mita 634, na jengo la kampuni ya bia lenye dude la dhahabu juu yake. Mbunifu wake, Mfaransa Philippe Starck, alikusudia mwali wa moto. Watu wa Tokyo wao wameliona kuwa kitu cha chooni, na jina hilo halijabanduka tangu 1989.

Sasa kisa. Inasimuliwa kwamba tarehe 18 Machi mwaka 628, ndugu wawili wavuvi, Hinokuma Hamanari na Hinokuma Takenari, walitupa nyavu katika mto huu wakatoa sanamu badala ya samaki. Mkubwa wa kijiji, Haji no Nakatomo, aliitambua kuwa ni ya Kannon, anayehusishwa na huruma katika dini ya Buddha, akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa ibada. Ndiyo chanzo cha hekalu la Senso-ji, kongwe kuliko yote Tokyo. Sanamu hiyo haioneshwi kwa yeyote. Inayotolewa mara moja kwa mwaka, tarehe 13 Desemba, ni nakala yake. Mamilioni ya watu wanakuja kila mwaka kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliye hai aliyekiona.

Kutoka mtoni tembea kaskazini kama dakika saba au nane, ukitafuta lango la mashariki la hekalu liitwalo Nitenmon. Ni lango la mbao, jekundu, si kubwa, na asubuhi utakuta mzee mmoja na mbwa wake wanapita chini yake. Usilipite haraka. Lilijengwa 1618. Wageni wengi hawajui, na hawaambiwi, kwamba karibu kila jengo kubwa wanalolipiga picha Senso-ji ni la zege na lina umri mdogo kuliko bibi zao. Ukumbi mkuu ulistahimili tetemeko la 1923 lililoangusha nusu ya jiji, lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliunguza mashariki yote ya Tokyo. Watu wapatao laki moja walikufa usiku ule mmoja, na ukumbi ukateketea. Uliopo ulikamilika 1958. Lango la Hozomon ni la 1964. Pagoda, yaani mnara wa hekalu, ya orofa tano ni ya 1973, tena siku hizi iko upande mwingine wa kiwanja, si ule iliposimama kabla ya vita. Nitenmon ilipona.

Ukishapita lango, kulia kwako kuna kingine kilichopona: Asakusa Jinja, sehemu ya ibada ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, iliyojengwa 1649 kwa amri ya shogun, mtawala wa kijeshi, Tokugawa Iemitsu. Wanaoenziwa hapo ni wale watu watatu wa kisa chetu, wavuvi wawili na mkubwa wa kijiji, ndiyo maana wenyeji wanapaita Sanja-sama, mabwana watatu. Kila mwaka, mwishoni mwa wiki ya tatu ya Mei, sherehe yao inafunga mitaa yote hii. Kama safari yako itaangukia hapo, ahirisha kisu na uende ukaangalie ngoma. Siku nyingine pako kimya. Utaona mtu anakuja, anainama mara mbili, anapiga makofi mawili, anainama mara moja, anaenda kazini.

Hatua chache tu na uko mbele ya ukumbi mkuu wa hekalu, na hapo hakuna anayepiga makofi. Ni dini mbili jirani. Mgeni anayepiga makofi mbele ya Kannon hafukuzwi, ila watu hutabasamu.

Kuhusu kuingia kwako: kiwanja ni wazi kwa kila mtu, saa 24, bila kiingilio. Ukumbi hufunguliwa saa 12 asubuhi, au saa 12 na nusu kuanzia Oktoba hadi Machi, na hufungwa saa 11 jioni. Hijabu yako haitamshangaza mtu, na hapo mbele ya ukumbi huvui viatu. Hakuna atakayekuuliza dini yako wala kukulazimisha kufanya tendo lolote. Ila ujue ulichonacho mbele, uchague mwenyewe. Sarafu zinazorushwa kwenye sanduku ni sadaka. Moshi wa chungu kikubwa cha ubani watu wanaupepea kuelekea mwilini wakiamini unaponya panapouma. Utaona wazee wanauvutia magotini. Na zile kopo za chuma zinazotikiswa, mtu anatoa yen 100, kinatoka kijiti chenye namba, anafungua droo ya namba ile na kuchukua karatasi ya bahati yake, hiyo kwa Kiswahili cha kwetu ni kupiga ramli. Wageni wangu wengi Waislamu husimama pembeni, wanatazama, wanapita. Wanaochukua karatasi wakaipata mbaya, na Senso-ji inasifika kwa karatasi mbaya nyingi, huikunja na kuifunga kwenye waya zilizo jirani ili mkosi ubaki hapo hapo.

Panda ngazi za ukumbi ukiweza, uinue macho. Darini kuna joka kubwa lililochorwa na Kawabata Ryushi. Kisha shuka utafute miti ya ginko iliyo kiwanjani, na hasa ule mkubwa ulioungua 1945. Sogea karibu na shina. Upande mmoja gome limefumba kama kovu, na ndani yake kuna weusi wa mkaa. Juu yake majani ni mabichi kabisa. Mimi nikiwa na nusu saa tu ya kumtembeza mtu Asakusa, ningempeleka hapo na kwenye Nitenmon, taa kubwa angeiona kwenye kadi za posta.

Lipe hekalu mgongo, uelekee kusini. Unafika Hozomon kwa nyuma, na huku nyuma ndiko kumetundikwa ndara mbili za majani ya mpunga, kila moja ya mita 4.5. Zinasukwa na watu wa Murayama, mkoa wa Yamagata, na hubadilishwa kila baada ya miaka kumi hivi. Maana yake ni kumtisha shetani: mlinzi mwenye mguu wa kuvaa ndara hii si wa kuchezea. Wapita njia wanazigusa wakiomba miguu yenye nguvu, kwa hiyo kwenye suala la magoti hauko peke yako.

Baada ya lango unaingia Nakamise, mtaa wa maduka, mita 250 hivi, fremu karibu 90 zimejipanga pande mbili. Saa hiyo zimefungwa, na ndivyo ninavyotaka. Milango yake ya bati ya kuvuta imechorwa picha za misimu na sherehe za Asakusa, na aliyekuja mchana hajui hata kama zipo. Mtaa huu ulianza zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, wakazi wa jirani walipopewa ruhusa ya kuuza vitu kwenye njia ya hekalu kwa sharti la kufagia kiwanja. Fagio kwanza, meza baadaye. Mwaka 1885 serikali ya Tokyo iliwahamisha wote ikajenga fremu za matofali. Tetemeko la 1923 likaziangusha. Zikajengwa upya 1925 kwa zege. Moto wa 1945 ukala vya ndani na kuacha kuta. Wenye maduka wakarudi.

Mwisho wa mtaa ni Kaminarimon, na wewe unatokea ndani. Hiyo ni faida. Kwa mbele taa imeandikwa Kaminarimon, lango la radi. Kwa nyuma imeandikwa jina lake kamili, Furaijinmon, lango la miungu ya upepo na radi, na wengi hawalisomi kwa sababu hawageuki. Nenda chini ya taa, usimame pembeni usizuie njia, uangalie juu. Kitako chake kimechongwa joka, na kwenye pete ya shaba kuna jina la kampuni ya umeme ya Matsushita, ambayo leo ni Panasonic. Lango la zamani liliungua 1865 na mahali pake pakakaa karibu karne nzima bila lango la kudumu. Mwaka 1960 mwanzilishi wa kampuni hiyo, Matsushita Konosuke, alilijenga upya kwa fedha zake. Inasemekana ni shukrani baada ya kupona maradhi. Taa ina kimo cha mita 3.9, uzito wa kilo 700 hivi, na ni ya karatasi. Dhoruba ikitabiriwa, huikunja kwa juu kama kikapu.

Itakuwa karibu saa 3. Vuka barabara. Jengo linaloonekana kama nyumba ndogo za mbao zilizobebana ni ofisi ya habari za watalii, kazi ya mbunifu Kengo Kuma, 2012. Lina lifti, lina vyoo safi, na orofa ya 8 kuna baraza ya bure. Ukiwa pale unauona mstari mzima uliotembea, kuanzia taa, mtaa, lango hadi paa la hekalu, halafu ukigeukia mashariki, mto. Pumzika pale bila haraka.

Saa 4 maduka yanafunguka. Rudi Nakamise uingie kidogo tu, kwa ajili ya vitafunwa. Kuna dirisha moja wanalooka ningyo-yaki mbele yako: mwokaji anamimina unga kwenye vyuma viwili vyenye umbo la pagoda na taa, anatia tonge la maharage matamu, anafunika, anageuza, anageuza tena, mikono haisimami. Wewe mpishi utasimama hapo kuliko kwenye hekalu. Kaminari-okoshi ni bisi za mchele zilizogandishwa kwa sukari, na Mtanga ataziita kashata bila kuuliza. Nunua, ule palepale mbele ya duka ukimaliza ndiyo uondoke. Kula huku unatembea katika mtaa huu hakupendwi, na mapipa ya taka hakuna, kwa hiyo beba mfuko wako. Kuhusu uhalali wa chakula, si nyama peke yake ya kuangalia. Mchuzi wa tambi, zikiwemo soba, na wa tempura (mboga au samaki wa kukaangwa kwa unga) mara nyingi umetiwa mirin, pombe tamu ya kupikia, na hata tambi zisizo na nyama hutumbukizwa kwenye mchuzi huo huo. Uliza neno moja tu, "mirin?", utajibiwa kwa kichwa.

Zawadi za nyumbani usinunue Nakamise, isipokuwa peremende. Vingi vya pale ni vya watalii. Katikati ya mtaa kata kuelekea magharibi, uchochoro wa Denboin, utafute tenugui: kitambaa cha pamba, upana kama sentimita 35 na urefu 90, kisichopindwa ncha, kilichopigwa rangi kwa mkono. Ni chepesi, hakivunjiki sandukuni, na kila mama wa kwetu ataelewa mara moja ni kitu cha aina gani. Tena kuna historia yetu humo: katikati ya karne iliyopita kanga nyingi zilizouzwa pwani ya Afrika Mashariki zilichapwa Japani. Bei ni iliyobandikwa. Kuombea punguzo ni kumtia aibu muuzaji, na pesa huweki mkononi mwake, unaweka kwenye kisahani kilicho mezani.

Mwisho wa uchochoro unatokea Rokku, mtaa wa starehe wa zamani. Hapa lilifunguliwa jumba la kwanza la sinema la kudumu nchini, Denkikan, 1903, na karibu yake ulisimama mnara wa orofa 12, Ryounkaku, wa 1890, wenye lifti ya kwanza ya umeme Japani. Tetemeko la 1923 liliukata. Hakuna kilichobaki cha kukusimamisha, pita.

Endelea magharibi, vuka barabara kubwa ya Kokusai, na baada ya dakika kama kumi kutoka Rokku unaingia Kappabashi, yaani mtaa wako. Maduka kama 170 ya vyombo vya jikoni kwenye urefu wa mita 800: sufuria za hoteli, vyungu, bakuli, vibao vya kukatia, mapazia ya mlangoni, kofia za wapishi, na vyakula bandia vya plastiki vinavyokaa kwenye madirisha ya mikahawa, vimetengenezwa hadi matone ya maji kwenye glasi ya bia. Jumamosi wako wazi. Jumapili wengi wanafunga, kwa hiyo siku yako usiibadilishe.

Kisu sasa, na hapa nitakuwa mrefu kwa sababu niliumia. Cha kwanza nilichonunua nilikipeleka kwa mama yangu: chuma cha kaboni, kinang'aa, kikali kama wembe. Alikatia ndimu, akakiweka kando, akaenda kusali. Aliporudi kilikuwa na madoa ya kahawia. Kaboni inataka kufutwa kila mara, na hewa ya bahari haiisamehi. Mtu wa Tanga achukue chuma kisichoshika kutu, na Wajapani wanazo aina nzuri mno. Umbo la kazi zote ni santoku, kama sentimita 17 au 18, kinachonolewa pande mbili. Nakiri ni cha mboga. Deba ni kinene, cha samaki, kinanolewa upande mmoja. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto sema mapema, kwa sababu cha kawaida kimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Kwa yen 10,000 hadi 20,000 unapata santoku utakayoirithisha. Juu ya hapo unalipia urembo wa bamba na jina la mfua chuma.

Usikinunue kabla hujakishika. Kisu chepesi upande wa mpini kitakuchosha ukikata vitunguu vya watu mia tatu. Nunua na kinoo cha namba 1000, yaani cha ukali wa kati. Mfua chuma akishakipa makali, kuyatunza ni kazi yako. Na uwakanye wasaidizi wako: si cha mifupa, si cha nyama iliyoganda, si cha nazi. Bamba gumu hivyo halipindi, linameguka. Maduka mengi yatakuchongea jina lako kwenye bamba kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, ukisubiri. Jina kama Mwanaidi linawatoa jasho, lakini wanaliweza.

Beba pasipoti. Kodi ya manunuzi ni asilimia 10, na mgeni wa muda mfupi akinunua vya yen 5,000 na zaidi katika duka lenye kibali husamehewa. Hadi mwisho wa Oktoba 2026 msamaha unapata dukani papo hapo. Kuanzia 1 Novemba 2026 unalipa yote kwanza, kisha unarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha unapoondoka nchini. Kisu kibaki ndani ya boksi lake, kimefungwa, hadi nyumbani: sheria ya Japani hairuhusu kutembea na kisu bila sababu, na kwenye ndege kinakaa kwenye sanduku la kupakiwa, si mkoba wa mkononi.

Tembea Kappabashi kuelekea kusini. Mwisho wake utajua mwenyewe, kwa sababu juu ya jengo la kona kuna kichwa kikubwa mno cha mpishi mwenye masharubu na kofia nyeupe. Hapo huna haja ya kurudi Asakusa kwa miguu. Geuka kushoto, dakika chache tu, uko stesheni ya Tawaramachi, njia ile ile ya Ginza. Soma kibao kabla hujashuka ngazi, uhakikishe unashukia upande wa treni ziendazo Shibuya. Vituo vitatu mbele ni Ueno-hirokoji, na kwa miguu dakika chache kutoka hapo, Okachimachi, kuna msikiti. Ukitoka Kappabashi saa 6 na nusu, adhuhuri unaiwahi, na mitaa ya soko la Ameyoko iliyo jirani ina vibanda vya nyama ya halali vilivyobandika alama mlangoni.